Masta silinda ya breki: iangalie nyumbani kabla ya kuushuka mteremko wa Kamatira

Waliowahi kwenda Lodwar kwa gari wanaujua mteremko wa Kamatira. Ukitoka Kitale unapanda hadi Makutano ya Kapenguria, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwenye baridi ya kuvaa sweta. Hapo lami inaanza kuteremka kwa kona katikati ya msitu, inapita Chepareria na Ortum, inapenya milima ya Marich, mpaka unajikuta Kainuk kwenye joto na nchi tambarare ya Turkana. Lodwar yenyewe iko kama mita 500 tu. Gari lililopumua hewa ya mlimani asubuhi huwa linapumua vumbi la moto alasiri.

Mara yangu ya kwanza kuushuka mteremko huo nilikuwa na gari dogo lililokuwa limekaa Mombasa miaka sita. Tulikuwa watu wanne na marobota ya leso nyuma. Nilikuwa nakanyaga breki kila kona, mguu hautoki kwenye pedali. Tulipokaribia kumaliza kipande kikali, pedali ikazama kama mguu ulioingia kwenye tope. Nikaikanyaga harakaharaka mara tatu nne, ikashika kidogo. Nikaingiza gia ya kwanza, gari likaenda kusimama kwenye changarawe kando ya njia. Tulikaa pale kama nusu saa hatusemi kitu. Nilipojaribu tena, pedali ilikuwa ngumu kama kawaida. Mwenzangu akasema, “Imejitengeneza.”

Haikuwa imejitengeneza. Tulifika Lodwar taratibu, na fundi aliyetupokea akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akachungulia, akaniuliza, “Mzee, haya mafuta yaliwekwa lini?” Sikuwa na jibu. Mafuta yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Alipofungua masta silinda, raba zake zilikuwa zimelika na ndani mna kutu ya unga. Akaniambia jambo ambalo sijalisahau: “Breki haikukufia mlimani. Ilikufia kwenu zamani, mlima umekuonyesha tu.”

Makala haya yanaeleza kifaa hicho: kinafanya kazi gani, kinaharibika vipi, na mwenye gari wa kawaida afanye nini kabla hakijamuaibisha, au kumuua.

Masta silinda ni nini

Fungua boneti. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, upande wa usukani, utaona kitu cheusi cha mviringo kama sufuria iliyofunikwa. Hiyo ni busta. Mbele ya busta pamefungwa bomba fupi nene la chuma au aluminiamu, na juu yake, au karibu yake, kuna kikopo cha plastiki chenye alama za MIN na MAX. Bomba hilo fupi ndilo masta silinda. Mafundi wengi huliita “masta” tu.

Kazi yake ni kuugeuza msukumo wa mguu wako kuwa shinikizo la mafuta. Ukikanyaga pedali, fimbo inasukuma pistoni ndani ya masta. Pistoni inayabana mafuta, na mafuta yanapita kwenye vibomba vyembamba hadi kwenye magurudumu yote. Huko yanasukuma pistoni nyingine, zinazobana pedi kwenye diski au kutanua brekishu ndani ya dramu.

Siri yake iligunduliwa karne ya 17 na Mfaransa Blaise Pascal: ukikibana kimiminika kilichofungwa ndani ya chombo, shinikizo linasambaa sawasawa kila upande. Kwa hiyo pistoni ndogo kwenye masta inaweza kuisukuma pistoni kubwa kwenye gurudumu kwa nguvu nyingi zaidi. Tupige hesabu ya mfano. Mguu unasukuma kilo 20. Pedali ni mtaimbo, na kwa kawaida inaizidisha nguvu hiyo kama mara nne, ikawa kilo 80. Busta ikiizidisha mara tatu, fimbo inaingia kwenye masta na kilo 240. Masta yenye kipenyo cha milimita 22 itatoa shinikizo la kama kilo 63 kwa kila sentimita ya mraba. Shinikizo hilo likifika kwenye pistoni ya breki ya mbele yenye kipenyo cha milimita 54, linakuwa msukumo wa zaidi ya kilo 1,400. Mguu wa mama mzee unasimamisha gari la tani moja kwa sababu hiyo.

Lakini hesabu hii yote inasimama juu ya masharti mawili. Kwanza, mafuta yasivuje popote. Pili, ndani ya mfumo pasiwe na kitu kinachobanika, kama hewa au mvuke. Sharti moja likivunjika, mguu unafika sakafuni na gari linaendelea na safari yake.

Ndani ya masta ya kisasa hamna pistoni moja bali mbili, zimepangwa moja mbele ya nyingine, kila moja na springi yake na raba zake. Kila pistoni inalisha njia yake ya mafuta. Kwenye magari mengine njia moja ni ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma. Kwenye mengine zimepishana, gurudumu la mbele kulia pamoja na la nyuma kushoto. Magari ya zamani yalikuwa na pistoni moja, na bomba moja likipasuka breki zote ziliondoka. Marekani ililazimisha magari mapya yawe na njia mbili mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo ndiyo kawaida ya dunia nzima. Faida yake ni kwamba njia moja ikivuja, nyingine inabaki. Lakini usijidanganye: kilichobaki ni nusu ya breki, pedali inashuka sana kabla ya kushika, na gari linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama.

Kuna jambo moja zaidi la kujua humo ndani. Kati ya kikopo na silinda kuna vitundu vidogo. Ukiondoa mguu, springi inairudisha pistoni nyuma, kitundu kinafunguka, na mafuta yaliyopanuka kwa joto yanapata njia ya kurudi kikoponi. Kitundu hicho kikizibwa na uchafu, au raba ikivimba na kukifunika, breki zinabaki zimebana hata mguu ukiwa umeondoka. Gari linakuwa zito, magurudumu yanapata moto, na mafuta nayo yanazidi kuchemka.

Unyevu wa Pwani na mteremko wa bara

Sisi watu wa Pwani tunayajua madhara ya hewa ya bahari kwenye mabati na milango ya chuma. Wachache wanajua kwamba hewa hiyo hiyo inaingia kwenye breki.

Mafuta ya breki tunayoyatumia wengi, yanayoandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye chupa, yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Yanaunyonya kupitia tundu la hewa la kifuniko na kupitia mipira ya hosi, kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Yameundwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu maji yakichanganyika humo ni afadhali kuliko yakikusanyika kama matone sehemu moja. Lakini kila maji yanavyozidi, ndivyo mafuta yanavyochemka upesi.

Viwango vya chini vinavyokubalika kimataifa ni hivi:

- DOT 3: yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za selsiasi, yakishanyonya maji kama asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140.
- DOT 4: mapya 230, yenye maji 155.
- DOT 5.1: mapya 260, yenye maji 180.

Tazama pengo hilo. DOT 3 iliyozeeka imepoteza nyuzi 65 za ulinzi, na kwenye kikopo inaweza bado kujaa mpaka MAX. Kwa macho huoni upungufu wowote.

Sasa lichukue gari hilo, lililokaa Likoni au Malindi miaka mitano bila kubadilishwa mafuta, ulipeleke Turkana. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 1,000, na sehemu kubwa ni kupanda. Kazi nzito ya breki inakungoja Kamatira. Hapo dereva asiyezoea anaikalia pedali dakika baada ya dakika. Diski zinapata moto mkali, moto unapita kwenye pedi, unaingia kwenye mafuta, na mafuta yenye maji yanatoa mvuke. Mvuke unabanika. Mguu unaubana mvuke badala ya kubana pedi. Ukisimama na breki zikapoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inakuwa ngumu tena. Ndiyo maana mwenzangu alidhani gari limejitengeneza.

Maji yanafanya madhara mengine ya polepole: yanaleta kutu ndani ya masta na vibomba. Kutu hiyo ni kama msasa. Kila ukikanyaga pedali, raba zinapita juu yake zikikwanguka. Ukifika Turkana inaongezeka adha ya vumbi jembamba linaloingia kila mahali. Fundi akifungua kifuniko cha kikopo bila kukipangusa kwanza, amelikaribisha ndani.

Dalili za masta inayokufa

Masta silinda mara nyingi huanza kutoa taarifa wiki au miezi kabla ya kufa. Tatizo ni kwamba tunazizoea dalili mpaka tunaziona ni tabia ya gari.

*Pedali inazama polepole.* Umesimama kwenye foleni, mguu uko juu ya breki, na pedali inashuka yenyewe taratibu kuelekea sakafuni. Ukiinua na kukanyaga tena inakuwa juu. Ukiangalia kikopo, mafuta hayajapungua. Hii ndiyo dalili kuu ya raba za ndani kuchakaa: mafuta yanapita pembeni mwa pistoni na kurudi yalikotoka. Kwa kuwa hakuna tone linalodondoka chini, watu wengi hulipuuza.

*Mafuta yanapungua.* Upungufu mdogo wa miezi mingi unaweza kuwa wa kawaida, kwa sababu pedi zikilika, pistoni za magurudumu zinatoka nje zaidi na kuchukua mafuta. Lakini ukijaza leo na wiki ijayo pamepungua, kuna uvujaji. Tazama ndani ya magurudumu, kwenye hosi, kwenye maungio, na usisahau mahali masta inapoungana na busta. Masta inayovujia nyuma huyamwaga mafuta ndani ya busta, na huwezi kuyaona mpaka uilegeze. Rangi iliyobabuka chini ya maungio hayo ni ushahidi, maana mafuta ya breki hula rangi.

*Pedali laini kama sponji.* Hapa kuna hewa ndani, au mafuta yamechemka, au hosi zinavimba kwa uzee.

*Breki haziachii.* Gari linavuta, gurudumu limepata moto, pedali iko juu na ngumu. Huenda kitundu cha kurudishia kimeziba, au raba zimevimba kwa kutiwa mafuta yasiyo yake.

*Taa ya breki inawaka.* Kwanza hakikisha breki ya mkono imeshushwa, kwani kwenye magari mengi taa ni hiyo hiyo moja. Ikiwa imeshushwa na taa bado inawaka, mafuta yako chini au njia moja imepoteza shinikizo. Usifunike taa kwa stika. Wapo wanaofanya hivyo.

*Pedali ngumu kama jiwe na gari halisimami vizuri.* Hiyo kwa kawaida ni busta au bomba lake la upepo, wala si masta. Usikubali kuuziwa masta mpya kwa ugonjwa wa busta.

Jaribio la dakika moja

Jaribio hili halihitaji spana wala fundi. Lifanye gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Zima injini. Kanyaga breki mara tano sita ili kumaliza upepo wa busta. Kisha ikanyage kwa nguvu ya wastani na uishikilie hapo. Washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo tu kisha isimame. Hiyo inakuonyesha busta ni nzima. Sasa, injini ikiwa inanguruma, endelea kuishikilia kwa dakika moja bila kuongeza nguvu. Ikibaki palepale, masta ina uzima. Ikiendelea kuzama, kuna uvujaji wa ndani au wa nje. Rudia kwa kukanyaga polepole sana, maana raba zilizochakaa mara nyingi huvujisha zaidi ukikanyaga pole kuliko ukikanyaga kwa kishindo.

Baada ya hapo funga boneti ukiwa umeshaangalia kikopo, kisha piga magoti uchungulie magurudumu yote manne kwa ndani. Unyevu wowote wenye utelezi hapo ni habari mbaya.

Makosa yanayoua masta

Kosa la kwanza ni kujaza tu bila kuuliza mafuta yamekwenda wapi. Mfumo wa breki umefungwa. Hauyachomi mafuta kama injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unaweza kuwa wa kaburi.

Kosa la pili ni kutia chochote kinachoteleza. Kuna wanaotia mafuta ya injini, ya gia au ya usukani, kwa kuwa duka liko mbali. Raba za breki hazivumilii mafuta hayo. Zinavimba, zinalainika, zinaziba vitundu, na uharibifu unaenea kuanzia kwenye masta hadi kwenye hosi na magurudumu. Hapo hulipii masta peke yake tena, unalipia raba za mfumo mzima. Wanaotia maji ya sabuni ili “wafike tu” wanatia kitu kinachochemka kwenye nyuzi 100 na kuacha kutu.

Kosa la tatu ni kuchanganya DOT 5 na mengine. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja na zinaweza kukutana, ingawa ni vizuri kufuata kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chako. DOT 5 ni ya silikoni, ni kitu kingine kabisa, na haichanganywi nazo. Jina limekaribiana, lakini chupa si moja.

Kosa la nne ni kutumia chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kuwekwa kabatini. Chupa ikishafunguliwa inaanza kunywa unyevu. Nunua ndogo, tumia, iliyobaki usiitegemee.

Kosa la tano hulifanya mafundi wenyewe. Wakati wa kutoa hewa, msaidizi hukanyaga pedali mpaka sakafuni. Kwenye gari kuukuu, pistoni hiyo haijafika mwisho wa silinda kwa miaka, na huko mwisho kuna kutu na uchafu. Ikisukumwa hadi kule raba zinachanika. Ndiyo maana utasikia mtu analalamika: “Nilipeleka gari kubadilisha pedi, likarudi na masta mbovu.” Dawa ni rahisi: weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike chini kabisa.

Kutengeneza au kununua mpya

Ukiambiwa masta imekufa, una njia mbili: kubadilisha seti ya raba, au kubadilisha masta nzima.

Raba ni nafuu, lakini zina sharti. Silinda ikifunguliwa isafishwe kwa mafuta safi ya breki au spiriti, siyo kwa petroli wala dizeli, kisha itazamwe kwenye mwanga. Pitisha ncha ya kidole. Ikiwa laini kama kioo, raba mpya zitakaa. Ikiwa na mikwaruzo, vidonda vya kutu au ukingo unaoukwaza ukucha, raba mpya zitalika baada ya muda mfupi. Silinda ya aluminiamu haipigwi msasa, kwa sababu ngozi yake ngumu ya juu ikiondoka, mwili wa chini ni laini na unalika haraka.

Kwa gari la abiria au la safari ndefu, mimi nashauri masta nzima ikiwa silinda ina shaka yoyote. Chukua ile ya zamani mpaka dukani, linganisha kipenyo, idadi ya matundu ya vibomba na urefu wa fimbo. Kipenyo kikizidi, pedali inakuwa ngumu na nguvu inapungua. Kikipungua, pedali inashuka mno. Masta iliyotolewa kwenye gari bovu ni bahati nasibu, maana hujui imekaa kavu muda gani. Kuhusu spea bandia, soko letu linazo nyingi: dai risiti, tazama maandishi ya boksi, na umwogope anayekuuzia nusu ya bei bila sababu.

Hili lina uzito zaidi kwa anayeishi au kufanya kazi Turkana. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300, na kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama 120 nyingine. Spea ya gari lisilo la kawaida inaweza kukungojesha. Mtu anayesubiri spea hupata kishawishi cha kutembelea breki nusu “kwa hapa karibu tu”. Barabara ya kwenda Kakuma siku hizi ni lami nzuri, inakaribisha mwendo, na mbuzi, ngamia na watoto wanaikatiza bila kutoa taarifa.

Kufunga masta mpya na kutoa hewa

Kazi hii ifanywe na fundi anayeijua, lakini mwenye gari ajue hatua zake ili asipunjwe.

Kwanza, masta mpya itolewe hewa nje ya gari. Inabanwa kwenye jiliwa, inajazwa mafuta, vibomba viwili vinatoka kwenye matundu yake na kurudi kikoponi, kisha pistoni inasukumwa polepole mpaka mapovu yaishe. Fundi akiiruka hatua hii, hewa hubaki ndani ya masta na mtatoa hewa magurudumuni mpaka jua lizame bila pedali kupanda.

Pili, ikishafungwa, hewa itolewe gurudumu moja moja. Kwa magari mengi unaanza na lililo mbali zaidi na masta na kumalizia na la karibu, ila yapo yenye utaratibu wake, hasa yenye njia zilizopishana au ABS, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Mmoja anakanyaga na kushikilia; mwingine analegeza skrubu ya kutolea hewa yenye mpira wa kuona ulioingizwa kwenye chupa; anaifunga kabla mwenzake hajaachia mguu. Kikopo kisiachwe kikauke hata mara moja, kikikauka mnaanza upya.

Tatu, fimbo ya pedali iwe na uwazi mdogo kabla ya kuigusa pistoni. Isipokuwa nao, kitundu cha kurudishia hakifunguki na breki zitabana zenyewe.

Nne, mafuta yaliyomwagika kwenye rangi yaoshwe kwa maji mara moja. Yaliyotolewa yasirudishwe kikoponi, na yasiachwe kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuiokota, kwa kuwa ni sumu.

Mwisho, jaribu breki uani, kisha mwendo wa pole kwenye njia tupu. Usiitoe gereji moja kwa moja kwenye barabara kuu.

Ukiwa njiani

Masta nzuri na mafuta mapya havimkingi dereva asiye na adabu ya mteremko. Kanuni ya wazee wa malori ni nyepesi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Injini ibebe uzito, breki iwe ya kusaidia. Kanyaga kwa uthabiti upunguze mwendo, kisha achia zipoe, badala ya kuuegesha mguu juu ya pedali kutoka juu hadi chini. Mwenye otomatiki ashushe kiteuzi kwenye L, 2 au S, asiteremke na D pekee. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama, zipoe zenyewe. Usimwage maji kwenye diski zenye moto.

Turkana ina jambo jingine: laga, yaani mito ya msimu inayokauka na kujaa ghafla. Maji yakiwa mengi usivuke, subiri. Ukivuka yaliyo kidogo, breki zilizolowa hazishiki vizuri. Ukishatoka ng'ambo endesha pole huku ukikanyaga breki kidogo kidogo mpaka uone zimekauka.

Breki zikikukimbia, usizime injini. Usukani unaweza kujifunga na busta itakosa upepo. Kanyaga pedali harakaharaka mara nyingi ili kujenga shinikizo. Shusha gia moja baada ya nyingine. Vuta breki ya mkono pole pole, siyo kwa ghafla. Washa taa za dharura, piga honi, na utafute mahali pa kupanda au mchanga. Heri kukwaruza ubavu wa gari kwenye kichaka kuliko kufika kwenye kona na mwendo wote.

Kumbuka haya yote ni ya magari madogo, pikapu na matatu za kawaida. Malori makubwa na mabasi hutumia breki za upepo, ambazo zina vifaa na kanuni zake, ingawa sheria ya gia haibadiliki.

Ratiba ya kukumbuka

- Kila wiki: tazama kikopo. Pangusa kifuniko kabla ya kukifungua, na usikifungue bila sababu, alama zinaonekana kwa nje.
- Kila mwezi: jaribio la dakika moja, na kuchungulia magurudumu.
- Kila miaka miwili: badilisha mafuta yote ya breki. Kwa gari linaloishi Pwani au linalopanda na kushuka milima kila wiki, mwaka mmoja si wa mapema.
- Kabla ya safari ya Turkana: mafuta yasiyozidi mwaka, pedi zilizo nene, hosi zisizo na nyufa, na chupa moja iliyofungwa ya mafuta sahihi ndani ya gari.

Andika tarehe ya kubadilisha kwenye karatasi, uigandishe chini ya boneti. Siku fundi wa mbali atakapokuuliza mafuta haya yaliwekwa lini, uwe na jibu.

Nimalizie kwa wenye magari ya abiria. Ukaguzi wa NTSA ni wa siku moja katika mwaka. Siku nyingine zote mkaguzi ni wewe na dereva wako. Dereva anapokuambia jioni, “Bosi, pedali inazama,” hakuombi hela ya chai. Anakupa taarifa kuhusu roho za watu watakaopanda kesho saa kumi na mbili asubuhi. Bei ya chupa ya mafuta ya breki na saa moja ya fundi ni ndogo mno ukiiweka kando ya jambo hilo.